Nundu ya Nyigu

Gari si meza. Nayasema maneno haya mapema kwa sababu Alhamisi ile nililazimika kuyasema mara tatu mbele ya watu wazima wenye akili zao, na mara ya tatu nilikuwa nimeshika nyundo.

Nilikuwa natoka safari. Binti yangu alijifungua, nikaenda kumsaidia siku tatu, nikarudi nguo zinanuka maziwa na mgongo unalalamika. Nafika kwenye lango la gereji yetu, namkuta mdogo wangu amesimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kando yake yupo bwana mmoja amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye gereji! Nikajua huyu hajaja kutengeneza kitu.

"Karibu, Dada," mdogo wangu akasema. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ana kelele kama wewe ulivyokuwa, ila yeye hana meno. Huyu nani?"

"Mgeni wetu. Ana hoteli. Amekuja kumwona Nyigu."

Mdogo wangu mtaani wanamwita Mipango, kwa kuwa anayo mingi. Mimi wananiita Shoto, kwa mkono ninaoutumia. Sasa naomba niwajulishe na Nyigu.

Nyigu ni gari la michezo la viti viwili. Mimi na yeye tumepishana miaka miwili, na kati yetu yeye ndiye aliyetunzwa. Pua ndefu, mkia mfupi, taa mbili za mviringo zilizokaa mbalimbali mpaka uso ukawa na mshangao wa kudumu. Rimu zake ni za spoku kama za baiskeli. Paa hana; ukinyeshewa, umenyeshewa. Rangi yake ni ya manjano, na ukimkanyagia mafuta hutoa mlio mwembamba, mkali, unaobaki sikioni hata gari likishapotea. Ndiyo maana watu wakampa jina hilo.

Aliletwa na rubani wa vile vindege vya kunyunyizia dawa mashambani, mtu aliyezoea njia isiyo na kona. Mlima wetu ukamfundisha. Kona ya tatu alimpeleka Nyigu moja kwa moja mtaroni, tumbo juu, na yeye mwenyewe akatoka na mkono uliovunjika sehemu mbili. Baba yangu, fundi wa bodi, akaenda kumvuta. Rubani akamwambia, "Chukua tu, mzee. Sasa hivi ni bati."

Nadhani yule bwana hakujua amesema nini, na amemwambia nani. Baba alimbeba Nyigu kwa mikokoteni miwili, vipande kumi na saba, akakaa naye mwaka na miezi minne. Injini ya mwanzo ilikuwa imepasuka, akampa nyingine, ndefu zaidi, yenye kabureta tatu zilizopangwa mstari. Kabureta, kwa asiyejua, ndiyo kinywa cha injini: hapo hewa na petroli hukutana kabla ya kwenda kuungua. Injini kama ile huwa na kinywa kimoja. Nyigu alipewa vitatu, na tabia yake tangu hapo ikawa ya mwenye vinywa vitatu.

Shida moja tu: vinywa hivyo vilikaa juu. Boneti ikakataa kufunga. Ikabaki wazi kiasi cha vidole viwili. Kwa hiyo juu ya boneti pakapigwa nundu, mviringo mrefu mfano wa nusu ya papai, ili kabureta zipate pa kupumulia. Nundu hiyo ndiyo iliyomfanya Nyigu awe Nyigu. Mwaka ule ule akashinda mbio za kupanda mlima, akashinda tena mwaka uliofuata, na watu wakawa wanatoka mbali kuja kuipapasa nundu kama wanavyopapasa kichwa cha mtoto. "Mzee," walisema, "hapa ulikuwa na mkono wa ajabu."

Basi. Mdogo wangu akalivuta turubai kwa mbwembwe zote.

"Nimekuandalia kitu cha kukushangaza!"

Kweli nilishangaa. Boneti ilikuwa bapa. Bapa kama sinia. Imepakwa puti ya kusawazishia bati, imepigwa msasa, imefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu haifungi. Na pale mbele, kati ya boneti na pua, uwazi wa vidole viwili. Uwazi ule ule. Nilikuwa sijauona kwa miaka arobaini na miwili, tukatazamana kama mahasimu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu." Akanionyesha kiganja chenye malengelenge. "Mgeni alitaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Nikaona nikunyooshee. Si unajua sisi, Dada, hatuoni bati lililobonyea tukalala."

Hilo ni kweli, na ndilo lililoniuma. Katika ukoo wetu mtu akikaribishwa chakula, kwanza anakinyoosha kibakuli kilichobonyea. Lakini kunyoosha nundu ya Nyigu! Kosa kama hilo linataka fundi wa bodi. Mtu mwingine asingejua hata pa kuanzia.

"Na mgeni anataka kulifanyia nini?"

Bwana Hoteli akatabasamu. Alikuwa mtu wa adabu, sitamsingizia. "Mama, tutalihifadhi vizuri sana. Tutalikata katikati. Nusu ya mbele tutaiweka pale mlangoni, iwe meza ya mapokezi. Wageni wanaandikisha majina juu ya boneti. Ndiyo maana inatakiwa iwe bapa."

"Gari si meza," nikasema.

"Ni njia ya kuienzi historia yake."

"Gari si meza."

"Dada," Mipango akaingilia, "baba alisemaje?"

Hapo alinishika. Baba alifariki mwaka mmoja uliopita, na kabla ya kufariki alitoa neno mbele yetu wawili na mbele ya rafiki yake, Mzee Fyuzi, fundi umeme wa magari aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kukaa gerejini. Neno lenyewe lilikuwa hili: gereji kwa mwanangu wa kiume, na Nyigu ni wa yule atakayempandisha mpaka kwenye tangi la maji kule juu na kumrudisha hapa bila kusukumwa. Mwaka ukipita bila mtu, uzeni. Gari lisilotembea ni bati.

"Mwaka unaisha Jumamosi," Mipango akasema. "Saa sita mchana."

Mtaniuliza kwa nini nilingoja. Sikungoja, nilingojeshwa. Sahani ya klachi ilikuwa imekwisha, na ya gari lile haiuzwi dukani. Niliiagiza, nikaisubiri miezi tisa. Ilipofika nikaifunga ndani ya siku mbili. Imebaki kupanda mlima tu, mjukuu naye akaona ndiyo wiki ya kuzaliwa.

"Nitampandisha," nikasema.

"Boneti haifungi."

"Naona."

"Ukienda na kamba, upepo utaifungua ikusimamie usoni. Utaendesha kwa kubahatisha?"

"Nitamvua boneti."

Kutoka kwenye kona ya uwanja, ambako Mzee Fyuzi hukaa kutwa kwenye kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa, sauti ikatoka. "Hapana, binti yangu. Marehemu alisema Nyigu. Hakusema injini yenye magurudumu. Mzima, au basi."

"Mzee Fyuzi, wewe upo upande gani?"

"Mimi nipo upande wa kiti changu."

Bwana Hoteli akatazama saa. "Kwa hiyo nije Jumamosi na lori?"

Nikainama, nikaokota nyundo iliyokuwa chini. Sikumtishia mtu, nilikuwa nairudisha mahali pake. Lakini viatu vyeupe vilirudi hatua mbili.

"Njoo na lori, njoo na miguu, utakavyopenda," nikasema. "Gari si meza."

*

Ijumaa asubuhi niliifungua boneti, nikailaza juu ya mfuko wa mchanga, nikaanza kubandua puti. Mdogo wangu alikuwa ameipaka kama anayepaka keki. Chini yake nikakuta alichokifanya: alikuwa ameipiga nundu ikiwa baridi, kwa nyundo ya chuma, kwa nguvu zake zote. Ukigusa, alumini ilikuwa inabonyea na kurudi, tak-tok, tak-tok, kama kifuniko cha kopo la maziwa.

Nikacheka peke yangu. Kwa sababu ule mlio ulikuwa habari njema.

Nundu ya aina ile hupatikana kwa kuvuta bati kidogo kidogo mpaka lipanuke. Likishapanuka, halirudi kuwa dogo. Unaweza kulipiga mpaka ulie, litalala tu, lakini ule upana wa ziada bado limo nao, limeukunja ndani likisubiri. Mipango alidhani ameiua nundu. Alikuwa ameilaza tu.

Ila usingizi wenyewe ulikuwa wa mgonjwa. Alumini ikipigwa baridi inakuwa kavu, ukiilazimisha inapasuka. Lazima uipashe moto kwanza iwe laini, na ukizidisha moto inayeyuka mbele ya macho yako bila hata kubadilika rangi. Haionyi. Kwa hiyo unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, unapaka bati lote, halafu unapitisha moto wa gesi taratibu. Sabuni inageuka rangi: kwanza manjano, kisha kahawia, kisha inakaribia weusi. Hapo hapo unaondoa moto. Sekunde tano mbele umechelewa. Sekunde tano nyuma hujaanza.

"Hilo nani alikufundisha?" Mzee Fyuzi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Baba."

"Baba yako alikuwa anachoma kwa macho tu. Sabuni sikuwahi kumwona nayo."

Nikashughulika na moto. Sabuni ikawa kahawia.

"Niliwahi kumwona nayo mtu mwingine," Mzee akaendelea, kama anayezungumza na paka. "Binti mmoja wa miaka kumi na tisa. Mwaka ule baba yake alipokwenda kumzika dada yake mwenyewe, akakaa huko siku tatu. Mimi nilikuwa nafunga waya za taa za Nyigu, nimelala chini ya dashibodi, hakuniona."

Nilizima moto.

Nimeishi na jambo hili miaka arobaini na miwili, na simulizi yenyewe ni fupi tu. Baba alitaka kutoboa boneti, kabureta zichungulie nje. Mimi nikasema mvua itaingia. Akasema wewe shughulikia misumari. Alipoondoka kwenda mazishini, niliifungua boneti, nikaipaka sabuni, nikapiga siku tatu. Aliporudi, vumbi la safari bado miguuni, alipitisha kiganja juu ya nundu mara moja, kwenda na kurudi. Hakusema kitu. Akamwita fundi wa rangi, akamwambia apake leo leo. Jioni wakaja wenzake. "Mzee! Umepiga nundu! Hii ni kazi!" Na baba akakohoa. Wao wakaichukua kuwa ndiyo. Kile kikohozi kilidumu miaka arobaini na moja, mpaka siku alipofariki.

Na mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa binti, na kwa kuwa nilidhani kesho yake atasema. Siku ya ushindi wa kwanza wakapiga picha: baba mkono juu ya nundu, Mipango wa miaka saba amekaa ndani ameshika usukani. Mimi niliambiwa nisogee kidogo, nawakingia jua. Na kuendesha? Aka. "Wewe ni wa nyundo, si wa usukani." Kila Jumapili niliruhusiwa kumwasha na kumsogeza asiote kutu. Miaka yote hiyo nimeendesha gari la mbio hatua kumi na nne mbele, hatua kumi na nne nyuma.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia Mzee Fyuzi.

"Nilijua. Tena baba yako hakuwahi kuugua kifua."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Akakitazama kiti chake. "Hilo si jambo la kujivunia, binti yangu. Leta nikushikie ukingo."

Akainuka! Mtu ambaye hata moto ukiwaka angeomba ahamishwe na kiti chake. Akaja, akashika ukingo wa boneti kwa mikono yake miwili ya mifupa, nami nikaanza kupiga kutoka ndani kwa nyundo ya mti.

Kupiga bati si nguvu, ni kusikiliza. Bati lililokazwa linaita juu. Lililolegea linaita chini, sauti ya mafua. Unapiga, unasogea nusu kidole, unapiga. Saa nne nundu ilikuwa imeanza kujikumbuka. Saa sita ilikuwa imerudi nusu. Saa nane Mipango akaja na chai, akasimama anatazama mkono wangu wa kushoto unavyokwenda.

"Dada, kwa nini unajitesa? Mtu atalitunza. Litakuwa ndani, penye zulia."

"Na wewe tukukate kiunoni tukuweke penye zulia? Utasalimia wageni vizuri sana, mdomo unao."

Hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa ndani wa boneti, kule ambako zilikuwa zinatokea alama ndogo ndogo za nyundo, kama vijimwezi. Akaiweka chai chini, akaondoka.

Nikashangaa kidogo. Kisha bati likaita sauti mbaya, kama kioo kinapopata ufa, nikamsahau.

Ukingoni, pale Mipango alipopiga kwa hasira zaidi, ulikuwa umetokea mpasuko. Mfupi kama ukucha. Ufa wa alumini ni kama umbea. Usipouzuia mapema unafika kila nyumba. Nikachukua keekee nyembamba, nikatoboa kitundu kidogo pale pale ufa unapoishia, maana ufa ukikutana na tundu la mviringo hukosa njia. Halafu nikapiga kwa kuzunguka, taratibu, pumzi nimeishika. Ufa ukatulia.

"Utaziba hicho kitundu?" Mzee akauliza.

"Nikishashinda."

*

Jumamosi saa nne asubuhi niliiweka boneti mahali pake. Nikaishusha. Ikashuka, ikazipita kabureta tatu kwa unene wa unyasi, ikafunga: tak. Sijasikia muziki mzuri kuliko huo, na nimecheza kwenye harusi nyingi.

Haikuwa na rangi. Mwili wote wa manjano, na katikati ya pua nundu ya alumini tupu, inang'aa kama paji la uso lenye jasho.

Lori lilikuwa limeshafika. Bwana Hoteli alikuwa amesimama kivulini, safari hii viatu vyeusi, mtu anajifunza. Ikatakiwa shahidi wa kukaa kiti cha pili. Mzee Fyuzi akasema nyonga zake zikiingia mle hazitatoka. Akabaki mmoja tu.

"Ingia," nikamwambia mdogo wangu.

"Mimi?"

"Ulishakaa humo ukiwa na miaka saba. Sogea tu upande wa pili."

Akaingia, magoti yamegusa kidevu. Nikawasha. Nyigu akapiga chafya mara moja, mara mbili, kisha vinywa vyote vitatu vikafunguka kwa pamoja na mtaa mzima ukageuza shingo. Hatua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hatua ya kumi na nne ilikuwa langoni. Ya kumi na tano sijawahi kuikanyaga maishani mwangu.

Nikaikanyaga.

Mlima wetu una kona tatu. Ya kwanza niliikata kama mgeni, kwa heshima nyingi. Ya pili nikaizoea. Upepo ulikuwa unapita juu ya nundu na kunipiga kifuani, mlio wa nyigu unapanda kadiri barabara inavyopanda, na watu wanatoka madukani na vijiko mikononi. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Yule si Shoto?" Nikapiga honi. Siyo kwamba alikuwa njiani. Nilimjibu.

"Polepole!" Mipango akapiga kelele.

"Hii ndiyo polepole!"

Kona ya tatu ni ile ya rubani. Inapinda na kusimama wima kwa wakati mmoja, na gia ya pili haiwezi. Lazima urudi gia ya kwanza, na gia ya kwanza ya Nyigu ni ya kizamani, haikubali kuingia gari likiwa linatembea ila kwa adabu maalumu: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, kanyaga mafuta kidogo injini ipande, kanyaga klachi tena, ndipo uingize. Ukikosea hatua moja gia inasaga meno, gari linasimama, linarudi nyuma. Na nyuma kuna mtaro.

Nilishayafanya hayo mara elfu, lakini kwa kukaa tu kwenye kiti, gari limezimwa, Jumapili.

Nikakanyaga, nikatoa, nikaachia. Nikakanyaga mafuta. Nikaingiza. Krrrrr! Haikuingia. Nyigu akapungua mwendo, akapungua tena, mlio ukashuka kama mtu anayekata tamaa. Mipango akashika mlango. Nikaona mtaro kwenye kioo, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka.

"Dada, tunarudi nyuma!"

"Bado!"

Nikamsikiliza. Sikuitazama gia, niliisikiliza, kama bati. Injini ilikuwa inaita chini, sauti ya mafua. Nikaiongezea mafuta mpaka ikaita pale ninapopataka, nikasukuma mkono.

Ikaingia kama kisu kwenye siagi. Nyigu akajikusanya, akaruka mbele, kichwa cha Mipango kikagonga kiti, na nusu dakika baadaye tulikuwa tunazunguka tangi la maji, mji wote chini yetu kama sahani zilizomwagwa.

Nikasimama, injini inanguruma.

"Zima tuzungumze," Mipango akasema.

"Sizimi ng'o. Nikizima asiwake utaniambia nimesukumwa. Zungumza juu yake."

Ikabidi apige kelele, mtu na mali zake, juu ya mlima, kama muuza samaki.

"Niliziona alama!"

"Alama gani?"

"Za ndani ya boneti! Nilipoigeuza kuipiga! Za baba zote zinaelekea kulia! Zile zilielekea kushoto!"

Nikamwongezea Nyigu mafuta kidogo, asizime.

"Miaka ishirini, Dada! Kila nilipoharibu bati baba alinipeleka mbele ya ile nundu. 'Tazama. Ukiweza kupiga hivi utaitwa fundi.' Nilijaribu! Una habari nilijaribu? Mabati mangapi niliyafukia nyuma ya choo ili asiyaone! Nikaacha nyundo, nikawa mtu wa mipango, nikajiambia basi, sitakuwa kama baba! Kumbe sikuwa kama dada!"

"Kwa hiyo ukaipiga."

"Nikaipiga! Kwa hasira! Na hata kuiharibu nimeiharibu vibaya!"

Nilicheka mpaka mguu ukanitoka kwenye mafuta, Nyigu akakohoa, nikamrudisha haraka. Mipango naye akaanza kucheka, machozi yanamtoka, sijui ya upepo au ya nini, sikumkagua.

"Basi sikiliza," nikapiga kelele. "Mimi alinisogeza nisimkingie jua. Wewe alikuketisha juani ukaungua. Hilo tutaligombania polepole, tuna uzee mzima. Lakini Nyigu simtoi. Simtoi leo, simtoi kesho. Umesikia?"

"Nimesikia! Mtaa mzima umesikia! Shuka, imebaki robo saa!"

Tukashuka. Kushuka hakuna sifa, ni kubana breki na kumwomba Mungu. Saa sita kasoro dakika nne tuliingia langoni, nikasimama pale pale nilipoondokea, gurudumu juu ya doa lake la mafuta. Hapo ndipo nilipozima. Kimya kilichofuata nilikisikia mpaka mgongoni, na mgongo haukuuma.

Bwana Hoteli akasogea, akaitazama nundu. "Mama, bado tunaweza kuelewana. Hata bila kuikata. Ningeiweka nzima."

"Seremala yupo nyumba ya tatu kutoka hapa," nikamwambia. "Anatengeneza meza nzuri sana. Mwambie umetumwa na mimi."

Lori likaondoka tupu. Mzee Fyuzi akarudi kwenye kiti chake akiwa amechoka kama yeye ndiye aliyepanda mlima.

Jumatatu fundi wa rangi alikuja na kopo la manjano. Nikamrudisha. Kitundu cha ufa nilikiziba, nikasafisha, nikaishia hapo. Nundu itabaki tupu, ndani na nje, na mwenye macho asome mkono umeelekea wapi.

Wiki iliyopita alikuja mteja mmoja wa zamani, akasimama mbele ya Nyigu, akapitisha kiganja kwenda na kurudi. "Mzee alikuwa na mkono," akasema.

"Ni kazi ya dada," Mipango akajibu kutoka chini ya gari, kabla mimi sijafungua mdomo.

"Ala! Na hii mikwaruzo ya pembeni, mbona kama mtu alikuwa anapigana na bati? Hii nayo ya nani?"

Mdogo wangu akakohoa.